Naomba ushauri: kuta za jiko hazijanyooka, nichore kwa kipimo kipi?

Wakuu, naomba msaada kabla mchoro haujaenda kwa seremala. Ukuta wa makabati umebanwa na kuta mbili za pembeni. Upana wake, kwa milimita: sakafuni 3,120, kimo cha kaunta (900) ni 3,108, kimo cha makabati ya juu (2,000) ni 3,097. Plasta imevimba kadiri inavyopanda.

Kona ya kushoto nimeipima kwa kanuni ya 3-4-5 (pembetatu yenye pande za uwiano huo huwa na kona ya nyuzi 90): alama 900 ukuta mmoja, 1,200 ukuta wa pili, mshazari ulitakiwa uwe 1,500 lakini umetoka 1,512. Maana yake kona imefunguka zaidi ya nyuzi 90, na kaunta ya kina cha 600 itaacha mwanya wa kama 10 upande wa mbele. Vigae vitauficha, au kaunta ikatwe kufuata ukuta?

Makabati ya chini ni matano ya 600, jumla 3,000. Zinabaki 108. Nigawe vibao vya kuziba 54 kila upande, au vyote viende kulia, ambako droo ya mwisho inaweza kugonga fremu ya mlango ikivutwa?

Sakafu nayo inashuka 14 kutoka kona hadi kona, nilivyopima kwa mpira wa maji (mpira uliojazwa maji wa kupimia usawa). Kimo cha 900 nimekianzia sehemu iliyoinuka zaidi, miguu ya kurekebisha ifidie kwingine. Nimepatia?

Mchoro ni wa 1:20. Bomba la sinki na soketi nimezipima kutoka kona ya kushoto pekee, makosa yasijumlishane.