Msaada: nahakiki "Somewhere Back in Time" ya Iron Maiden. Vibao vyote vikali, alama naziwekaje?

Chuma_cha_Pua:
Wakuu salaam. Nahakiki mkusanyiko wa Iron Maiden uitwao Somewhere Back in Time, ule wa 2008 unaobeba miaka ya 1980 hadi 1989. Kinachonikwamisha ni hiki: nikiupima wimbo mmoja mmoja, karibu kila wimbo unapata tisa au kumi. Nikijumlisha, mkusanyiko unaipita albamu yao ya Powerslave yenyewe, na hilo shabiki yeyote wa hevi metali atanicheka. Mkusanyiko unapimwa kwa vigezo gani? Na hili suala la remasta, yaani rekodi ya zamani kutengenezwa upya sauti yake, mtu analipimaje bila kubahatisha? Nawasilisha.

Besi_kwa_Vidole:
Mkuu, nyimbo zilishahukumiwa zamani. Wewe unamhukumu aliyechagua. Chukua karatasi, andika kila kipande kimetoka albamu ipi. Utapata hivi: The Number of the Beast (1982) nyimbo nne, Powerslave (1984) tatu, Seventh Son of a Seventh Son (1988) mbili, Piece of Mind (1983) mmoja tu, The Trooper, na Somewhere in Time (1986) mmoja tu, Wasted Years. Ongeza nyimbo tatu za albamu mbili za mwanzo, na hotuba ya Churchill inayofungulia. Jumla vipande 15.

Sasa itazame hiyo hesabu. Jina la mkusanyiko limechezea jina la albamu ya 1986, halafu albamu hiyo imepewa wimbo mmoja. Piece of Mind ndiyo albamu ya kwanza ya Nicko McBrain kwenye ngoma, lakini Flight of Icarus haimo, Revelations haimo. Anayesikiliza mkusanyiko huu peke yake ataamini kwamba baada ya 1984 bendi ilikuwa inajivuta tu, na ukweli si huo. Hapo ndipo pa kukata alama.

Kanda_ya_Chrome:
Naongeza kigezo ambacho wahakiki wengi wanakiruka: nani anaimba, na rekodi ni ipi.

Albamu ya 1980 na Killers ya 1981 aliimba Paul Di'Anno. Bruce Dickinson kaingia mwishoni mwa 1981. Kwenye mkusanyiko huu sauti ya Di'Anno haisikiki hata sekunde moja. Wrathchild, Phantom of the Opera na Iron Maiden (wimbo wenye jina la bendi) zimewekwa kwa rekodi za jukwaani kutoka Live After Death ya 1985, Dickinson akiimba. Kwa hiyo maneno "1980" kwenye jalada yana walakini: nyimbo ni za miaka hiyo, rekodi si za miaka hiyo.

Vaa hedifoni usikilize kelele za watu. Wrathchild na Phantom zilirekodiwa Hammersmith Odeon, London, 1984, ukumbi wa kawaida wa ndani. Iron Maiden ilirekodiwa Long Beach Arena, California, 1985, uwanja mkubwa wa ndani. Mwangwi wa ngoma haufanani kabisa. Tena hizo mbili za kwanza zimechomekwa katikati ya rekodi za studio za mtayarishaji wao Martin Birch, kwa hiyo kila zinapoingia, sauti ya mkusanyiko inabadilika ghafla kisha inarudi. Phantom ndiyo inayoumia zaidi. Di'Anno aliiimba kihuni, kwa sauti ya mtaani iliyokaribia panki. Dickinson anaipandisha juu kama opera kweli. Nzuri, ila ni kiumbe kingine.

Mzee_wa_Rifu:
Mnaonea. Mkusanyiko ulitoka sambamba na ziara ya 2008 yenye jina lilelile, bendi ikizunguka dunia na Boeing 757 huku Dickinson mwenyewe akiwa rubani. Uliwalenga vijana waliokuwa wanakwenda kuwaona kwa mara ya kwanza. Kijana huyo jukwaani atamkuta Dickinson, sasa umpe sauti ya mtu mwingine ya nini?

Kanda_ya_Chrome:
Mzee wangu, hoja nakubali nusu. Kama kipimo ni ziara, basi tuutumie kikamilifu: Revelations, Heaven Can Wait, Moonchild, The Clairvoyant na Rime of the Ancient Mariner zilipigwa kwenye ziara hiyo 2008. Hakuna hata moja kwenye mkusanyiko.

Mzee_wa_Rifu:
Rime inakaribia dakika 14, na CD moja inabeba takriban dakika 80. Ukiiweka hiyo unaondoa vibao viwili vifupi. Hizo nne nyingine sina cha kukujibu 😄

Fundi_Mawimbi:
Nijibu la remasta. Albamu za zamani za Maiden zilifanyiwa remasta 1998, na tena 2015 kwa soko la dijitali. Soma maandishi ya nyuma ya jalada ujue mkononi una ipi, kisha fanya hivi:

Tumia Hallowed Be Thy Name, ya albamu The Number of the Beast. Wimbo huu unaanza na kengele na gitaa la chini, sauti ya Dickinson peke yake mbele, kisha bendi nzima inashuka. Kilichobaki cha tofauti kati ya ule unyamavu na ule mshindo ndicho unachokitafuta. Nyonya wimbo kutoka CD ya mkusanyiko na kutoka CD ya miaka ya themanini ya albamu yenyewe, zote mbili kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. MP3 usitumie, inaongeza mabadiliko yake yenyewe na hutajua umlaumu nani.

Fungua zote mbili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, moja juu ya nyingine. Ya zamani utaona vilele vya ngoma vimechomoza kama miiba. Iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa tofauti ya sauti ndogo na kubwa, vilele vyake vimekatwa sare, kama ua lililopitishwa mkasi. Usihukumu kwa macho tu. Nenda kwenye kazi ya kusawazisha sauti humohumo, weka zote LUFS -23 (kipimo cha ukubwa wa sauti), ndipo usikilize. Hatua hii ndiyo watu wanaisahau, halafu wanasifia remasta kwa sababu tu inapiga kelele zaidi. Tofauti ya desibeli moja inatosha kulidanganya sikio. Mwombe mtu akubadilishie bila kukwambia ipi ni ipi.

Sikiliza ngoma ya snea na matoazi. Kibano kikizidi, snea inakosa ule mpasuko na inakuwa kama inapigwa nyuma ya pazia, matoazi yanageuka mchanga, na baada ya nyimbo nne au tano sikio linachoka bila kujua kwa nini. Ila tutende haki: CD nyingi za themanini ni nyembamba huku chini, na kwenye redio ya gari remasta inasikika vizuri zaidi. Andika ulisikilizia nini.

Ukipima kwa kustrimu, zima kwanza kisawazisha sauti na ikwalaiza za programu, la sivyo unapima programu.

Chuma_cha_Pua:
Ahsanteni sana wakuu, nimepata mwanga. Nilinganishe na mikusanyiko yao mingine, au niuache usimame peke yake?

Besi_kwa_Vidole:
Linganisha, lakini kwa swali moja: kila mmoja umemficha nani?

Best of the Beast (1996) haukumficha mtu. Ulitoka Blaze Bayley akiwa mwimbaji, una wimbo mpya wa wakati huo, Virus, na toleo la CD mbili linarudi nyuma kutoka hapo hadi rekodi za studio ya Spaceward, Cambridge, za mwisho wa 1978. Waimbaji wote watatu wamo. Angalia tu usinunue toleo la CD moja ukidhani ni lilelile, limepunguzwa sana. Edward the Great (2002) una nyimbo 16, Bayley yumo, lakini enzi ya Di'Anno hakuna kabisa na Hallowed haimo. Mkusanyiko wa metali wa bendi hii bila Hallowed mimi siuelewi. From Fear to Eternity (2011) ni pacha wa huu wako, miaka ya 1990 hadi 2010, na mchezo ni uleule: Sign of the Cross na The Clansman, nyimbo za Bayley, zimewekwa kwa rekodi za tamasha la Rock in Rio za 2001, Dickinson akiimba. Ukiviweka pacha hivi viwili pamoja, unapata historia ya miaka thelathini yenye mwimbaji mmoja.

Kanda_ya_Chrome:
Na mpangilio usiusahau. Hauendi kwa miaka, unakwenda kama onyesho: hotuba, Aces High, na kufunga kwa Iron Maiden. Hilo wamelipatia. Jaribu kuusikiliza kwa kuchanganya nyimbo ovyo uone hotuba ya Churchill inavyodondokea mbele ya Can I Play with Madness.

Chuma_cha_Pua:
Haya, naandika alama mbili tofauti: uteuzi 6, sauti nitaijaza nikishapata CD ya zamani ya The Number of the Beast, ya 1982, ya kulinganishia.

Fundi_Mawimbi:
Mkuu, CD ya 1982 hutaipata, mwaka huo albamu ilitoka kwa santuri na kanda. Tafuta chapa ya CD ya kabla ya 1998. Njia rahisi ya kuitambua: toleo la 1998 lina Total Eclipse kwenye orodha ya nyimbo, na albamu ya asili ina nyimbo nane tu.