Mrejesho: Bwawa la kuogelea la juu ya ardhi, nusu limezama

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kama bwawa la kusimamisha juu ya ardhi, lile la kuta za bati, linaweza kuzamishwa nusu kwenye uwanja wenye mteremko. Limekaa, na maji yamejaa.

Waliosema nichimbe upande wa juu badala ya kujaza kifusi upande wa chini walisema kweli. Udongo wa kujaza hutitia, na mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1.

Kilichonishughulisha zaidi ni ukuta. Bati hili limeundwa kuhimili maji yanayosukuma kutoka ndani, si udongo unaosukuma kutoka nje. Maji yakipungua, udongo uliolowa unaweza kulikunja kuelekea ndani. Kwa hiyo udongo haugusi bati kabisa. Fundi alijenga ukuta wa tofali za saruji wa kuzuia udongo, akaacha nafasi ya mtu kupita. Chini tulimwaga kokoto na kulaza bomba lenye matundu linalopeleka maji ya mvua bondeni. Nafasi hiyo naipenda mno: naona kila skrubu, naifikia pampu bila kuchimbua chochote, na bati linapata hewa, halishiki kutu upesi.

Sakafu tuliisawazisha kwa pimamaji, tukatoa mawe na mizizi, kisha mchanga laini ukashindiliwa.

Mnaotaka kufukia moja kwa moja, someni kwanza masharti ya dhamana. Uzio wenye lango la kujifunga bado unamaliziwa. Hadi hapo ngazi imeondolewa na watoto hawasogei.