Laktomita bila kipimajoto ni dhulma kwa wafugaji, na maziwa mabovu bado yanapita

Jamani wana Lamu, hili la maziwa ya bara limevuka mpaka. Yanatoka Witu na Hindi, sehemu za Lamu bara, yakifika kituo cha Mokowe yana joto la nyuzi 28, hata 30. Mpokeaji anachovya laktomita (kipimo cha kuelea kinachoonesha uzito wa maziwa; yakitiwa maji namba hushuka), anasoma 25, anamwambia mama wa watu "umetia maji" na kumkata bei au kumrudisha na dumu lake. Kipimajoto hana!

Laktomita hizo hutengenezwa zisome sawasawa maziwa yakiwa na nyuzi 20. Maziwa yakiwa na joto huwa mepesi na namba hushuka, ndiyo maana kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2. Kwa hiyo 25 kwenye nyuzi 30 ni kama 27 kwa makadirio, na maziwa halisi ya ng'ombe huwa 26 hadi 32. Huyo mama mmemwibia mchana kweupe. Tena hesabu hiyo ni ya kutegemewa joto likiwa kati ya 17 na 24. Likizidi, poza sampuli kwanza kwenye maji ya barafu. Barafu ya samaki yatosha, mradi maji yake yasiingie kwenye maziwa.

Na kusoma kwenyewe ni ovyo. Dumu halikorogwi, malai yako juu, sampuli inachotwa juu juu. Maziwa yaliyokamwa sasa hivi yana hewa, yape nusu saa. Mimina taratibu ubavuni mwa silinda yasitoe povu, acha laktomita ielee bila kugusa ukuta, kisha lisawazishe jicho na uso wa maziwa.

Mdanganyifu anapita hapo hapo mnapomkamata asiye na kosa. Akiengua malai namba inapanda, akitia maji inashuka, inatua 29, mnampa pesa yote. Sukari nayo hupandisha. Na uchachu laktomita haiujui kabisa! Maziwa yaliyokaa kwenye jua kwa muda wa saa nne yanaweza kusoma vizuri na huku yameshaharibika.

Kwa uchachu tumieni spiriti (ethanoli) ya asilimia 68: mililita 2 za maziwa, mililita 2 za spiriti, tikisa. Yakitoa chembechembe, yamechacha, au ni ya ng'ombe aliyezaa juzi, au mwenye ugonjwa wa kiwele. Kama spiriti hamna, chemsha kidogo kwenye sufuria ndogo; yakikatika, usiyachanganye na ya wenzake. Hili lifanywe dumu kwa dumu. Mkishamimina kwenye tangi, dumu moja bovu limeshayamaliza yote.

Hayo madumu yenyewe ya mafuta ya kupikia ni balaa. Mdomo mwembamba, mkono hauingii, ndani kuna mikwaruzo yenye utando wa mafuta ambamo vijidudu hujificha. Suuza kwanza kwa maji baridi (ya moto hugandisha protini ukutani), kisha maji moto na sabuni kwa brashi, mwisho maji yaliyochemka, halafu lifudikize likauke. Lakini dumu hilo la mdomo mwembamba halikubali brashi. Nunueni mitungi ya alumini yenye mdomo mpana.

Na ng'ombe aliyedungwa dawa, siku zilizoandikwa kwenye chupa zihesabiwe kabla maziwa yake hayajauzwa. Kuchemsha hakuiondoi dawa.

Aliyekatwa bei aandike hapa: namba aliyosomewa, saa, na kama kipimajoto kilitumika. Tunataka kipimajoto na spiriti kila kituo, na muuzaji aoneshwe kipimo mwenyewe kabla ya kuambiwa ametia maji.