IST namba D ya mkononi au IST ya yadi: historia ya ukaguzi naipataje kabla sijalipa?

Mlalakuwa Juu
Wakuu, habari za asubuhi. Natafuta Toyota IST na nimebakiwa na mbili. Ya kwanza namba D (imeshasajiliwa hapa, herufi za namba zinaanza na D), ipo kwa mwenyewe Tabata, anasema ameitunza na kioo cha mbele kina stika ya trafiki. Ya pili imeshuka juzi, haijasajiliwa, ipo yadi huku Kinondoni, wana karatasi ya mnada ya Japani gredi 4. Ipi ina historia ya ukaguzi ya kuaminika? Wa Tabata ana mteja mwingine Jumamosi, naomba majibu mapema.

Fundi Kimara
Mkuu, maelezo hayatoshi. Gari za mwaka gani? Kilomita? Injini ni ya cc 1300 au 1500? Bei zinapishana kiasi gani? Kadi ina jina la nani? Na hiyo karatasi ya mnada umeishika au umetumiwa picha?

Binti wa Feri
Na gari ni ya kwenda kazini au unataka kubebea abiria? Usipotuambia tutakupoteza.

Mzee wa Chalinze
Chukua ya yadi. Gari ikishakaa Dar miaka mitano, mashimo na foleni vimeshaimaliza. Bushi, shokapu, stelingi, vyote utaanza wewe.

Shangazi Goba
Mzee wangu, hapo sikubaliani na wewe. Premio yangu niliinunua kwa jirani, na alinikabidhi faili lenye risiti za gereji tangu siku ya kwanza, kila oili na kilomita zake. Gari ya mkononi aliyeiendesha yupo, unamuuliza uso kwa uso. Ya yadi utamuuliza nani? Yule kijana wa mauzo mwenyewe ameiona wiki iliyopita.

Fundi Kimara
Wakati tunamsubiri mwenye mada, niseme kuhusu hizo karatasi, maana watu wanazichanganya.

Japani gari binafsi ikiwa mpya inapita ukaguzi wa lazima, wenyewe wanauita shaken, baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili. Kilomita zinaandikwa kwenye cheti. Gari ikifutiwa usajili ili isafirishwe nje, inatolewa hati ya kusafirishia, nayo ina kilomita. Hiyo ndiyo karatasi ya serikali. Karatasi ya mnada ni kitu kingine: mkaguzi wa mnada anatoa gredi na kuchora mwili wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gredi R maana yake gari iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Kuna watu kazi yao ni kuchapisha karatasi za mnada za uongo, kwa hiyo picha ya WhatsApp haitoshi. Chukua namba ya chesisi kwenye gari lenyewe, tafuta karatasi halisi kwa huduma za mtandaoni za kulipia, kisha linganisha na hati ya kusafirishia. Yadi wakikwambia hati hawana, iombe nakala kwa wakala aliyelitoa gari bandarini. Huyo anakuwa nayo.

Kuhusu TBS, shirika la viwango: namba D za mwanzo zilikaguliwa Japani kabla ya kupanda meli. Mwaka 2021 TBS wakaanza kukagua magari yakishafika hapa Dar. Iwe huko au huku, cheti kinakwambia kwamba siku ile gari lilifaa kuingia barabarani. Miaka ya Tabata haimo humo.

Msafiri Mbagala
Na stika ya trafiki? Si ni ukaguzi pia?

Fundi Kimara
Ni ukaguzi wa siku hiyo: taa, breki, tairi, honi. Zuri kuwa nayo, lakini haisemi kama gari liliwahi kupinduka.

Mlalakuwa Juu
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Zote za 2005, 1300. Ya Tabata mita inasoma 98,000, ya yadi 84,000. Bei ya yadi imezidi ya Tabata kwa milioni 3 na nusu. Karatasi ya mnada nimetumiwa picha tu. Gari ni ya kazini na kumpeleka mama kliniki Muhimbili. Kadi ya Tabata ina jina la shemeji yake muuzaji.

Shangazi Goba
Mwanangu, hapo kwenye shemeji simama kwanza. Umesema ipo kwa mwenyewe. Mwenyewe ni yule aliyeandikwa kwenye kadi.

Binti wa Feri
Huyo shemeji aje asaini mkataba mbele ya mwanasheria, na mwende TRA pamoja kuhakiki kadi. Gari nyingine kadi yake ipo benki kwa mkopo.

Neema Sinza
Nimeumia kwenye jambo hili, kwa hiyo nitaandika kwa urefu. Nilinunua Raum kwenye yadi moja hapa mjini, siitaji. Karatasi ya mnada gredi 4, kilomita 79,000, ndani safi, harufu ya gari jipya. Nilikwenda na fundi wangu, akawasha injini ikiwa baridi, akatembea nayo, akasema iko vizuri. Na injini kweli ilikuwa nzuri.

Baada ya muda tairi za mbele zikaanza kulika upande wa ndani. Nikapeleka kupima magurudumu, wakarekebisha, zikalika tena. Nikabadilisha bushi zote, zikalika tena. Barabara ya Bagamoyo ukiachia stelingi kidogo gari linakwenda kushoto. Nilibeba wanangu humo kila asubuhi. Fundi mwingine Mwenge ndiye aliyefungua bampa ya mbele, akanionyesha ile nguzo ya chini inayobeba injini: imekatwa, imechomelewa, imepakwa rangi nyeusi juu. Nikatuma namba ya chesisi mtandaoni nikalipia. Karatasi halisi ikaja: gredi R, kilomita 162,000. Picha zilikuwa za gari langu hilohilo, limebonyea upande wa kulia mpaka kwenye taa.

Nikarudi yadi. Wakanionyesha mkataba: gari limeuzwa kama lilivyo. Mpaka leo sijapata hata shilingi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu alikaa chini akaandika ile karatasi ya uongo akijua watoto watapanda. Kaka, fungua bampa. Angalia nguzo. Muuzaji akikataa, ondoka.

Msafiri Mbagala
Pole sana dada Neema. Hii inatisha.

Mzee wa Chalinze
Pole mwanangu. Lakini hata ya Tabata inaweza kuwa hivyo. Mimi bado naona kubwa ni mkanda wa taimingi, kwenye kilomita laki moja ubadilishwe.

Fundi Kimara
Mzee, shikamoo, ila IST haina mkanda wa taimingi. Injini zake, zile za NZ, zinatumia cheni. Asije akalipishwa mkanda usiokuwepo. Gia boksi yake ni ya kawaida ya gia nne, si CVT (ile ya otomatiki isiyo na gia za hatua), kwa hiyo asikubali kuwekewa oili ya CVT.

Mzee wa Chalinze
Marahaba. Vitz ya kijana wangu mbona walisema CVT?

Fundi Kimara
Vitz zipo nyingi, inategemea toleo. Twende na IST.

Kwa ya Tabata: soma alama kwenye vioo vyote, kimoja kikiwa cha kampuni nyingine uliza kilivunjikaje. Angalia boliti za boneti na fenda kama rangi imechubuka. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Matope humo ni dalili ya mafuriko, na magari yaliyolala kwenye maji hapa mjini yapo. Raba ya pedeli ikiwa imelika hadi chuma, 98,000 hizo usiziamini.

Binti wa Feri
Ukiwa na namba ya usajili unaweza kuona mengi kwa simu. Mfumo wa TIRA unaonyesha bima, wa polisi faini za barabarani, wa TARURA madeni ya maegesho. Na muulize kama alikuwa na bima kubwa. Kama aliwahi kudai, kuna PF 93, ile ripoti ya trafiki ya ukaguzi wa gari baada ya ajali. Hiyo ndiyo historia ya ukaguzi ya huku kwetu.

Msafiri Mbagala
Muuzaji gani atakupa PF 93?

Shangazi Goba
Mkweli atakupa. Ndiyo maana nasema mtu kwanza, gari baadaye.

Neema Sinza
Shangazi, mtu anaweza kuwa mkweli na yeye mwenyewe aliuziwa uongo. Namba ya chesisi ilipiwe hata kwa hiyo ya Tabata.

Mlalakuwa Juu
Nimempigia. Anasema shemeji yupo Mwanza, atatuma kitambulisho kwa simu. Yadi nao wamekubali nifungue bampa, ila wanataka amana kwanza.

Shangazi Goba
Amana ya kuangalia? Usitoe.

Fundi Kimara
Amana usitoe. Tuma namba zote mbili za chesisi leo. Jumamosi ikipita ipite.

Msafiri Mbagala
Fundi, samahani natoka kidogo nje ya mada: Demio ya 2008 nayo karatasi yake ya mnada inapatikana kwa chesisi, au ni za zamani mno?