Mjadala: Tuzike imeili, tuhamie kwenye mfumo usio na mwenyewe?

Fundi Seva: Wakuu, SMTP inayobeba imeili ni ya 1982, enzi ambazo walioko mtandaoni karibu wote walijuana. Hadi leo barua yako inalala kwenye seva ya mtu, naye akitaka anaisoma. Bitmessage ilikuja 2012: haina seva kuu, ujumbe unafungwa kisha unasambazwa kwa wote, anayeufungua ni mwenye ufunguo wake tu. Mbona hatuhami? Tunakwamishwa na watu wa masijala wanaobandika neno la siri chini ya kibodi.

Mama Masijala: Karatasi yangu iko ndani ya droo, droo ina kufuli, ufunguo nauvaa shingoni. Miaka 19 halijapotea jalada. Wewe simu umepoteza ngapi?

Kipanga wa Tanga: 😂😂 Fundi jibu swali.

Fundi Seva: Sijakutaja wewe, dada. Nimesema kwa ujumla.

Mama Masijala: Umesema masijala. Humu masijala ni mimi.

Mdau Huru: Turudi kwenye mada. Imeili nayo haina mwenyewe, yeyote anaweza kuweka seva. Mimi niliweka yangu, SPF na DKIM (vithibitisho kwamba barua imetoka kweli kwangu) zote sawa, bado barua zikaishia kwenye taka za watu. Shemeji aliuona mwaliko wa harusi siku ya tatu baada ya pilau kuisha. Wakubwa wachache ndio wanaoamua nani aaminike. Huo mfumo mpya ukishapata watu, watauacha?

Kipanga wa Tanga: Shemeji kakosa pilau kwa sababu ya DKIM? Sema tu hukutaka aje.

Wakili wa Kijiweni: PGP, programu ya kufunga imeili isomwe na mwenye ufunguo tu, ipo tangu 2001, nani alihama?

Fundi Seva: 1991, mkuu.

Wakili wa Kijiweni: Ahsante, umenizidishia hoja miaka kumi. Na 2015 Zimmermann mwenyewe, aliyeiunda, alitumiwa barua iliyofungwa kwa PGP akajibu hawezi kuifungua, hana toleo linalofanya kazi kwenye vifaa vyake. Mwenye jiko kashindwa kuwasha, sisi wageni je?

Fundi Seva: Huyo ni mtu mmoja.

Kipanga wa Tanga: Nimepakua hiyo Bitmessage. Anwani yangu inaanza na BM- halafu mkia mrefu kama namba ya injini. Nimeituma salamu moja, kompyuta inapiga hesabu kwanza, feni inalia kama mashine ya kusaga.

Fundi Seva: Hizo hesabu ndizo zinazozuia barua taka. Mtu hawezi kutuma milioni kwa mkupuo.

Mama Masijala: Na ufunguo ukipotea nampigia nani?

Fundi Seva: Hakuna wa kumpigia. Unafungua anwani mpya, unawaarifu watu wako.

Mama Masijala: Wote?

Fundi Seva: Ndiyo maana unaweka nakala mahali salama, nje ya kompyuta.

Mama Masijala: Kama kwenye droo?

Mdau Huru: Kipanga, shemeji nilimpigia na simu pia. Hakupokea.