Rivolva ya Kiitaliano inayopigia tundu la chini: wenye uzoefu mnaionaje?

MzeeWaNyegezi
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mstaafu, nipo Nyegezi hapa Mwanza, leseni ya rivolva ya .38 (hiyo ni saizi ya risasi) ninayo miaka mingi na kila nikipata nafasi ya kulenga shabaha kihalali nafurahi sana, huo ndo mchezo wangu. Sasa kifundo cha mkono wa kulia nilivunjikaga nikiwa na pikipiki njia ya Magu, kikapona vibaya, siku hizi nikipiga risasi kumi tu usiku silali kwa maumivu.

Mwaka jana nilienda kumtembelea mtoto wa dada yangu anaishi Brescia kule Italia, akanipeleka uwanja wa shabaha nikapewa rivolva ya Chiappa Rhino ya .357, yenye mtutu wa inchi 4. Jamani. Rivolva zote nilizowahi kushika risasi inatoka tundu la juu la silinda, hii inatoka tundu la CHINI kabisa, mtutu umekaa karibu na usawa wa vidole, ukiitazama unaona kama imefungwa kichwa chini miguu juu. Nikajiandaa kuumia, nikapiga sita, mdomo wa mtutu haukuruka, ilinisukuma tu kiganjani moja kwa moja kurudi nyuma. Nimerudi nyumbani siachi kuifikiria. Swali langu kwenu mnaojua silaha, huu mtindo ni wa kuaminika kweli au ni mwili wangu tu ulifurahia siku ile?

Sangara_Kirumba
Mkuu mwili wako haukukudanganya. Chukua dumu la maji la lita 20 lisimamishe sakafuni, lisukume pale juu kwenye mfuniko, linalala. Lisukume kwa chini, linateleza tu. Rivolva ya kawaida mtutu upo juu sana ya mkono kwahiyo teke linakuja kwa juu na kugeuza kifundo, ndo maana mdomo unapanda. Rhino teke linaingia kwenye mstari wa mkono wenyewe. Nguvu ya risasi haijapungua hata kidogo ila haipati pa kukunjia kifundo, na kwa mtu mwenye mkono kama wako hilo ni jambo kubwa mno.

Na huyo aliyeibuni hakukurupuka. Ni Emilio Ghisoni, Muitaliano, ndo huyo huyo wa rivolva za Mateba, alishughulika na hili wazo miaka na miaka. Kuna Mateba Unica ya 1997 ambayo ukipiga sehemu yote ya juu inarudi nyuma na kujikoki yenyewe, yaani kujiweka tayari kwa risasi inayofuata, wazo ambalo Waingereza waliligusa kwenye Webley-Fosbery mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ghisoni alifariki 2008, Rhino ikaanza kuuzwa baada ya hapo, inaniuma sana kwamba hakuiona mikononi mwa watu.

FundiBuzuruga
Mimi naheshimu hiyo hesabu ya dumu lakini wakuu tutazame na ndani. Rivolva ya zamani ukifungua bamba la pembeni unakuta vitu vichache, springi, nyundo, triga, mtu mwenye akili anaelewa kwa macho. Rhino kwa sababu mtutu umeshushwa nyundo nayo ikabidi ishuke na kufichwa ndani, kile kinachoonekana juu kama nyundo siyo nyundo, ni mkono wa kukokia tu, na kati yake na nyundo yenyewe kuna vyuma vingi vinavyosukumana. Kikilika kimoja hapa Mwanza spea unaipata wapi? Na wengi walioitumia, hasa zile za mwanzo, wanalalamika triga nzito ukivuta bila kukoki. Fremu ni alumini, mtutu na silinda ndo chuma, sawa ni nyepesi na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba silaha unayoitegemea lazima uwe na mtu jirani anayeweza kuitengeneza.

Mhifadhi_Pasiansi
Nimesoma yote. Niongeze mambo ya usalama maana hayajaguswa na ndo yananikosesha raha mimi.

Ule mkono wa kukokia alioutaja fundi, ukishauvuta na kuuachia unarudi mahali pake. Maana yake bunduki imekokiwa lakini kwa juu inaonekana imelala. Kuna kialama chekundu kinajitokeza pale nyuma upande wa kushoto kukuonyesha, lakini mtu aliyezoea rivolva za kawaida anaangalia nyundo, haangalii kialama. Mzee umezoea ya kawaida miaka mingi, hiyo tabia haitoki kwa siku moja.

La pili, kwenye ule mwanya kati ya silinda na mtutu kunatoka gesi ya moto ukipiga. Rhino huo mwanya umeshuka karibu na vidole, ukishika kwa mikono miwili dole la mkono wa pili likipita mbele kidogo tu linaungua au linachanika, na hiyo ya inchi 2 ndo mbaya zaidi. La tatu saiti za kulengea zipo juu mtutu upo chini, kwahiyo shabaha ya karibu kabisa risasi inagonga chini ya ulipolenga, lazima ujifunze upya.

Mimi kama mimi ubunifu naukubali kabisa, ila sio wa kumpa mtu bila kumkalisha chini na kumfundisha kwanza.

binti_ukerewe
Shikamoo Mzee. Kitu kimoja mmeruka, hiyo ya .357 inakula na risasi za .38 Special ambazo ni laini zaidi. Yaani ungepiga hizo hizo unazotumia sasa, ndani ya hiyo Rhino, kifundo kisingesikia karibu chochote. Ulipiga zipi kule?

MzeeWaNyegezi
Marahaba binti yangu. Nilipewa .357 zenyewe, .38 sikujaribu kabisa, na sasa naona nilitakiwa nianze na hizo. Mhifadhi asante sana, kile kialama chekundu kweli hakuna aliyenionyesha, na nilikoki mara mbili tatu nikabaki naduwaa kwamba mbona nyundo imerudi. Mungu akipenda naenda tena mwezi wa nane. Kabla ya kuwaza habari za kibali na kuagiza kwa muuzaji mwenye leseni nitapiga hamsini za .38, zote bila kukoki ili nijue huo uzito wa triga kwa kidole changu mwenyewe. Fundi, nitamuomba kijana atafute mtu wa pale afungue lile bamba nikupigie picha, uniambie ni chuma gani kati ya hivyo unachokiogopa.