Mama amekataliwa kuandikishwa kwa GP

Dada wa Ujiji, Leicester:
Ndugu zangu, salaam. Mama amefika kutoka Ujiji kwa viza ya matembezi na atakaa nami miezi miwili. Jana nilimpeleka kwa GP, yaani daktari wa kliniki ya mtaa, kwa sababu dawa zake za presha zimebaki za siku sita. Mapokezi walidai barua ya makazi yenye jina lake, wakaturudisha bila hata kumpima. Malalamiko ya namna hii hupelekwa wapi?

Kaka wa Tabora, Birmingham:
Pole sana, dada. Jaza GMS1, fomu ya kujiandikisha kwa GP, urudi nayo. Mimi nililipa IHS, ada ya afya inayolipwa wakati wa kuomba viza, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na bado nilisubiri miezi saba goti langu lipigwe picha. Je, mama alilipa IHS?

Mwana wa Kitete, Leeds:
Kaka, tafadhali usimpoteze dada. GMS1 ni ya anayekaa zaidi ya miezi mitatu. Mgeni wa miezi miwili hujaziwa GMS3, fomu ya wagonjwa wa muda mfupi. Mwenye viza ya matembezi hatozwi IHS. Tena hapa England hakuna kanuni inayomtaka mtu aonyeshe barua ya makazi ndipo aandikishwe kwa GP. Hospitali ndiko kwenye gharama, kwani mgeni akilazwa hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali.

Shangazi wa Kigoma, Cardiff:
Wanangu, hapa Wales dawa za daktari hazilipiwi, ilhali England kila dawa ni pauni 9.90, ingawa aliyetimiza miaka 60 hupewa bure. Nyumbani nilikulia wakati wa matibabu ya bure, kabla ya uchangiaji wa gharama kuanza mwaka 1993. Sasa kaka yangu ana CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, aliyoilipia shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Huonwa na daktari vizuri, kisha huandikiwa dawa akanunue duka la nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami naiombea kwa moyo wote, lakini kadi isiyofika hadi dirisha la dawa haijamtibu mtu.

Kaka wa Tabora, Birmingham:
Shikamoo shangazi. Hapo umesema kweli. Hata huku, sheria ni nzuri ila aliyekaa mapokezi haijui.

Dada wa Ujiji, Leicester:
Marahaba kwa wadogo, shikamoo kwa wakubwa. Nimechukua GMS3. Zimebaki dawa za siku nne. Anayejua malalamiko yanapopelekwa, naomba bado.